Kumfundisha Mtoto wa Kolwezi: Mwongozo kwa Anayetaka Kukua Kiroho Safarini

Mwongozo huu ni wa Mkristo anayejiandaa kwenda Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa safari ya utume, awe anatoka Lubumbashi, Ndola, Mbeya au Nairobi, na ambaye amepangiwa kuwafundisha watoto. Karibu kila anayekubali safari ya namna hii huwa na matumaini mawili: kwamba watoto watalipata neno la Mungu, na kwamba yeye mwenyewe atarudi amekua kiroho. Tumaini la pili si dhambi, lakini halitimii kwa kukimbiliwa. Hukua yule anayeifanya kazi ya kufundisha kwa uzito wake wote: akaandaa somo linalomfaa mtoto wa mji huu, akakubali kuongozwa na wenyeji, na akayabeba maswali ya mtoto hadi nyumbani kwake. Anayekwenda kutafuta hisia atazipata, nazo zitapoa wiki chache baada ya kurudi. Hiyo ndiyo hoja yangu, na mashauri yote yanayofuata yanatoka humo.

Ujue mji kabla ya kuandaa somo

Kolwezi ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 iwe makao ya migodi ya magharibi ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni hiyo ilipotaifishwa mwaka 1967 ikazaliwa Gécamines, ambayo kwa miaka mingi haikumpa mfanyakazi mshahara peke yake: ilikuwa na shule za watoto wake, hospitali, na mgao wa unga. Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka, uzalishaji ukashuka vibaya, na kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kazini kwa mpango mmoja. Familia zilizokuwa zimelelewa na kampuni tangu enzi za babu zikabaki na ardhi yenye shaba na kobalti, na mikono yao. Uchimbaji wa mikono ukaenea. Mwaka 2014 madini yalipogunduliwa katika mtaa wa Kasulo, watu walianza kuchimba uani na hata chini ya vyumba walivyolala.

Watoto waliingia katika kazi hii kwa mlango uleule wa wazazi wao. UNICEF iliwahi kukadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi migodini kusini mwa Katanga ya zamani. Ripoti ya mashirika ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016 ilieleza juu ya watoto wanaookota mawe yenye madini katika mabaki ya migodi, wanaoyaosha, wanaoyachambua na kuyabeba, wengine hadi saa 12 kwa siku, kwa malipo ya dola 1 au 2. Baadhi yao walikuwa wanafunzi waliofanya kazi kabla na baada ya masomo, mwisho wa wiki na wakati wa likizo. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na tangu Septemba 2019 serikali imekuwa ikitekeleza elimu ya msingi bila malipo iliyoahidiwa na katiba ya 2006. Lakini daftari, sare na chakula bado vina bei, na madarasa yalifurika mara tu ada ilipoondolewa. Kwa hiyo ukifika Julai au Agosti, shule zikiwa zimefungwa, usishangae kwamba baadhi ya watoto watakaokaa mbele yako wametoka kazini asubuhi hiyohiyo, na wengine watarudi kazini ukimaliza kuomba.

Habari hizi huwezi kuziacha kando ukidhani ni siasa au uchumi, na kwamba wewe umekuja kwa ajili ya roho. Mtoto haji darasani kwa vipande. Amri ya kumpenda jirani inaanza kwa kumjua jirani huyo ni nani, na asiyejitaabisha kumjua atampenda mtoto wa kufikirika aliyemtengeneza mwenyewe. Basi kazi ya kwanza ya kiroho ya safari hii inafanyika kabla hujafunga mzigo: soma juu ya Kolwezi, waulize Wakongo walio karibu nawe, na umwombee mtoto ambaye tayari unajua anaishije.

Jifunze kwa waliotangulia

Lualaba, mkoa ilimo Kolwezi, una mashahidi wake. Frederick Stanley Arnot, mmisionari Mskoti, aliingia Bunkeya, makao ya mfalme Msiri, mwaka 1886; Bunkeya leo imo ndani ya mkoa huu. Dan Crawford, aliyekuja nyuma yake, alikaa Afrika kuanzia 1889 hadi 1911 bila kurudi kwao hata mara moja, na kitabu chake cha 1912, *Thinking Black*, kinaeleza jinsi mgeni anavyolazimika kujifunza kufikiri upya kwa wenyeji kabla ya kuthubutu kuwafundisha.

Shahidi aliye karibu zaidi na somo letu ni Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuchapisha mwaka 1945 kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu. Katika miaka ya 1950 alihudumu kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi, na huko ikazaliwa Jamaa, ushirika wa Wakatoliki, hasa wanandoa, uliofundishana kwa Kiswahili cha Katanga juu ya mambo matatu makuu: uzima, uzazi na mapendo. Tempels alieleza baadaye kwamba kwa miaka mingi alikuja mbele ya watu kama bwana mwenye majibu yote, na kwamba mambo yaligeuka alipoanza kuwauliza wao ni akina nani na mioyo yao inatamani nini. Alipowasikiliza, aliona kwamba aliyekuwa akibadilika ni yeye pia. Si lazima ukubali kila fundisho la Jamaa, ambayo hatimaye iligongana na maaskofu. Ushahidi unaobaki ni huu: mwalimu huyu hakukua kwa kuongeza mahubiri, bali kwa kukubali kuwa mwanafunzi wa wale aliotumwa kwao.

Shahidi mwingine ni wa siku zetu. Sista Catherine Mutindi, Mkenya wa shirika la Masista wa Mchungaji Mwema, alianzisha kazi ya Bon Pasteur Kolwezi mwaka 2012. Kazi hiyo huwafundisha watoto waliokuwa migodini ili warudi shule ya kawaida, na wakati huohuo huwafungulia wanawake njia nyingine za kipato, kikiwemo kilimo, kwa kuwa mtoto hatoki mgodini ikiwa mama yake hana cha kupika. Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Opus kwa kazi hiyo. Kwa mashahidi hao, imani ilikomaa walipokuwa wakishughulika na watu halisi na matatizo yao halisi.

Andaa somo linaloweza kusimama Kolwezi

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Mgeni hubeba masomo aliyoyafundisha kwao, akayarudia neno kwa neno. Chukua Amri Kumi, somo la kawaida kabisa la shule ya Jumapili. Unapofundisha usiibe, kumbuka kwamba mbele yako wamo watoto wanaofukuzwa na walinzi wanapookota mawe katika maeneo ya makampuni, na neno mwizi wamekwisha kulisikia likielekezwa kwao. Ukiishia hapo, utakuwa umeongeza sauti yako kwenye sauti za walinzi. Ifundishe amri yote: kwamba Mungu anachukia pia mizani ya uongo, kama Mithali inavyosema, na kwamba mnunuzi anayempunja mtoto asiye na njia ya kupima uzito wala ubora wa mzigo wake naye anaiba. Unapofundisha kuwaheshimu baba na mama, jua kwamba mtoto mwingine anabeba gunia kwa sababu hiyohiyo ya kumheshimu mama yake. Usiifanye kazi yake kuwa dhambi yake. Unapofundisha juu ya siku ya kupumzika, mwonyeshe kwamba amri ile inawataja mwana, binti na mtumishi: pumziko ni haki ambayo Mungu amemwekea yeye, na wenye kuulizwa ni wakubwa.

Kadhalika hadithi. Yusufu kutupwa shimoni ni hadithi inayopendwa na watoto kila mahali, lakini katika mji ambao mashimo huporomoka juu ya watu, huenda mtoto mmoja darasani ana kaka ambaye hakutolewa. Muulize mwalimu mwenyeji kabla ya kuisimulia. Yapo pia maandiko ambayo kwingine husomwa harakaharaka na hapa yana uzito wa pekee. Ayubu 28 inaeleza wachimbaji wanaoshuka gizani mbali na makazi ya watu, na shaba inayoyeyushwa kutoka jiweni, kisha inauliza hekima inapatikana wapi. Kumbukumbu la Torati 8 inataja nchi ambayo milima yake huchimbwa shaba, na inawaonya watu wasidai kwamba utajiri huo ni wa nguvu zao wenyewe. Mtoto wa mtaa wa Musonoi au Kapata akisikia kwamba shaba imo katika Biblia, na kwamba Mungu anaijua kazi ya baba yake, anaanza kuelewa kwamba maneno haya yanamhusu.

Sasa angalia jambo hili linakufanya nini wewe. Huwezi kuandaa somo la usiibe kwa namna hiyo bila kujiuliza maswali. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, sehemu kubwa Lualaba, na matumizi yake makubwa ni betri za simu, kompyuta na magari ya umeme. Unapomfundisha mtoto juu ya haki, simu yako iko mfukoni mwako. Sisemi uitupe, nasema huwezi kuifundisha amri hiyo kama mtu asiyehusika. Maandiko uliyoyajua tangu utotoni yanarudi kukuhoji wewe kwanza. Yakobo aliwaonya waumini kwamba waalimu watahukumiwa kwa ukali zaidi, na maandalizi ya kweli ndiyo mahali unapoionja hukumu hiyo mapema, ukiwa bado na nafasi ya kutubu. Huo ndio ukuaji niliokuwa nikiusema, na umeanza kabla hujavuka mpaka wa Kasumbalesa.

Darasani

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe liombe siku ya kwanza, na ulipokee kutoka kwa mwenyeji. Makanisa ya Kongo yanaendesha sehemu kubwa ya shule za msingi kwa mkataba yaliotia saini na serikali mwaka 1977. Wapo walimu, makatekista na wakufunzi wa shule ya Jumapili waliokuwa kazini kabla yako na watakaobaki. Omba kuwa msaidizi wa mmoja wao. Kila jioni mpitishie somo la kesho, na akikuambia libadilishe, libadilishe. Kiswahili chako kitaeleweka, lakini watoto watasema batoto pale unaposema watoto, watakwenda masomo badala ya shule, na watakula bukari badala ya ugali. Jifunze kwao, wala usiwasahihishe. Somo lisizidi nusu saa, kisha michezo na kuimba. Mtoto aliyeamka alfajiri kuosha mawe akisinzia, mwache asinzie, kwani huenda ndiyo nusu saa pekee ya usalama aliyoipata siku hiyo. Kikundi chenu kikiweza kuandaa uji, kanisa mwenyeji ndilo liugawe.

Ziko kanuni za ulinzi ambazo hazina mjadala. Usikae na mtoto peke yako mahali pa faragha. Wawepo watu wazima wawili siku zote. Usipige picha za watoto, na hasa usimpige picha anayefanya kazi: picha yake haimsaidii, na inaweza kumletea matata yeye na wazazi wake. Usitoe fedha wala zawadi kwa mtoto mmoja mmoja. Usiahidi kurudi, kusomesha, wala kutuma kitu, isipokuwa ahadi imeandikwa, nalo kanisa mwenyeji linaifahamu. Kabla ya siku ya kwanza, ujue ni nani ataitwa mtoto akieleza kwamba ameumizwa: kiongozi gani wa kanisa, na ofisi gani ya serikali ya mambo ya kijamii. Usiende kwenye mashimo kutazama. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, dawa za malaria, na sweta, kwa maana usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Kila kanuni kati ya hizi inakunyima kitu ambacho nafsi ilikitamani, iwe sifa, picha ya kuonyesha au shukrani ya mtoto. Kujinyima huko ni sehemu ya malezi ya roho, kama ilivyo kufunga.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba safari nzima ni ubinafsi uliovishwa kanzu: mtu anamtumia mtoto maskini ili yeye akue. Pingamizi hili ni zito, na kwa safari nyingi ni la kweli. Yesu alimweka mtoto katikati ya wanafunzi waliokuwa wakibishana nani mkubwa, na onyo lake kwa anayemkosesha mdogo ni kali kuliko karibu yote aliyoyasema. Lakini tiba yake si kuacha kufundisha. Tiba ni kubadili kipimo. Safari ipimwe kwa swali la mtoto amepata nini na kanisa mwenyeji limeimarika wapi. Ukuaji wako uachwe uje kama matokeo ya kazi. Ukiona huwezi kufurahi iwapo watoto watakua na wewe usijisikie chochote, basi bado hujawa tayari kwenda.

Wengine watasema nauli ingetumwa tu. Wakati mwingine wako sahihi. Waulize wenyeji mapema, kwa namna inayowaruhusu kukataa: je, mnatuhitaji sisi, au mnahitaji vitabu, madaftari na posho ya mkufunzi? Wakichagua la pili, tuma fedha, ubaki kwenu ukifundisha watoto wa mtaa wako. Wakisema njooni, basi tengeni fungu la bajeti kwa kazi itakayobaki, msile yote njiani. Na yupo atakayeuliza: Crawford alikaa zaidi ya miaka 20, wewe wiki tatu zitakufaa nini? Jibu ni kwamba wiki tatu peke yake hazifai kitu. Zinafaa zikiungwa na kazi ya wale wanaokaa. Mgeni anayeanzisha darasa jipya na kulifunga akiondoka amemfundisha mtoto kwamba watu wa Mungu huja na kutoweka. Mgeni anayemsaidia mwalimu ambaye Jumapili inayofuata atakuwepo hajaacha pengo.

Pingamizi la mwisho ni kwamba mtoto mwenye njaa hahitaji hadithi za Biblia. Anahitaji chakula, shule na mzazi mwenye kipato, na Kanisa lisilosema hivyo halijaisoma Injili. Hata hivyo si haki kumpunguza mtoto wa Kolwezi akawa tumbo tu. Naye anauliza nani aliumba, nani anaona, kwa nini kaka alikufa. Mtoto wa tajiri hupewa chakula na majibu pia. Bon Pasteur imeonyesha kwamba darasa na riziki ya mama huenda pamoja, na hilo ndilo la kuiga: tia nguvu zako palipo na watu wanaoyashughulikia yote mawili.

Ukirudi

Usihesabu ukuaji wako kwa machozi ya ibada ya kuaga. Andika daftari la maswali ambayo watoto waliuliza nawe ukakosa jibu, bila kuandika majina yao, na mwaka mzima uyasome, uyaombee, uyapeleke kwa mchungaji wako. Baada ya mwaka jipime kwa mambo yanayoonekana: je, una subira zaidi na watoto wa nyumbani kwako? Umechukua darasa katika kanisa lako? Unasema juu ya Kolwezi kama mahali pa ndugu zako, au kama mahali ulipopata kisa cha kusimulia? Bado unawasiliana na mwalimu aliyekupokea, ukimuuliza yeye anahitaji nini? Wale sabini waliotumwa na Yesu walirudi wakishangilia nguvu walizoziona, naye akawaelekeza wafurahi kwa sababu nyingine, kwamba wanajulikana na Mungu. Roho iliyokua haihitaji kuthibitisha kwamba ilikwenda mbali.

Basi ndugu msomaji, kama umeitwa, nenda. Nenda ukiwa umesoma, umeombewa, umetumwa na kanisa na kuombwa na kanisa. Mfundishe mtoto wa Kolwezi kwa bidii ambayo ungetaka mwanao afundishwe nayo. Ukitoka hapo ukaona sala zako zimebadilika, haki imeanza kukunyima usingizi, na subira imeingia mahali palipokuwa na haraka, mshukuru Mungu. Kisha Jumapili inayofuata ukafundishe watoto wa kanisa lako.